Shajara ya kadi za mezani: majina ya vyakula vya mgahawa wetu, Ngamiani, Tanga

4 Mei

Kazi imeanza kwa ubishi. Dereva wa lori kutoka Mombasa aliingia asubuhi, akaagiza mahamri. Msichana wetu akamwambia hakuna, tuna maandazi. Jamaa akachungulia sinia, akaangua kicheko: "Si ndiyo haya!" Akala manne, akalipa, akaenda zake. Mamdogo akanigeukia: wewe uliyesoma, hebu niambie, kwa nini kitu kimoja kina majina mawili? Nikamwambia nitamtafutia. Kufika jioni nilikuwa nimejaza maneno 23 nyuma ya daftari la mahesabu.

Mpango wenyewe ni huu. Mgahawa una meza 9. Kila meza nitaiwekea kadi 4 ngumu, zimepitishwa plastiki, kila kadi jina moja la chakula au kiungo na habari zake kwa maneno yasiyozidi hamsini. Jumla kadi 36. Mteja asome akisubiri sahani yake, badala ya kugonga meza kwa kijiko. Mamdogo amekubali, sharti lake nisimtie hasara.

Kadi ya kwanza haikunipa taabu, kwa sababu ni jina la nyumba. Mgahawa ni mkahawa, na mkahawa umezaliwa na kahawa, qahwa ya Waarabu. Kwetu kahawa haiuzwi kabisa. Anayeitaka huvuka barabara kwa mzee mwenye birika na kashata zake.

Zilizokamilika: 1 kati ya 36.

6 Mei

Kesi ya mahamri imekwisha. Andazi limetoka kwenye kuandaa. Mpishi zamani aliitwa mwandazi, na maandazi yalikuwa vile alivyoviandaa. Mahamri yametoka kwenye hamira, ambayo kwa Kiarabu ni khamira, yaani chachu. Jina moja linasifu mkono wa mpishi, la pili linataja kilichouumua unga. Watu wa Mombasa na Lamu wakisema mahamri wana kitu maalumu akilini: unga uliokandwa kwa tui, ukatiwa iliki, ukaumuka, na pembeni bakuli la mbaazi za nazi.

Nilimsomea Mamdogo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi yangu ni mahamri, maana hamira natia na tui natia." Kesho yake ubao wa bei umesomeka MAHAMRI, na kila moja limepanda shilingi hamsini.

Zilizokamilika: 3. Nimeandika majina yote mawili, kila moja na kadi yake.

11 Mei

Neno la wiki ni Manga. Nilikaa niandike mistari mitatu kuhusu pilipili manga, nikajikuta nimekesha.

Wazee wa pwani walikuwa wakiiita Uarabuni Manga, hasa upande wa Omani, na Wamanga ni Waarabu waliotoka huko. Ukishalijua hilo, kabati la viungo linaanza kuzungumza lenyewe: pilipili manga, kungumanga, na kwenye kapu la matunda, komamanga. Ajabu ni kwamba pilipili manga si ya Manga. Kwao ni Malabar, kusini magharibi mwa India. Kungumanga kwao ni visiwa vidogo vya Banda, kule Indonesia, na kwa karne nyingi dunia nzima ilizipata kutoka huko tu. Komamanga angalau hustawi kwenye milima ya Jabal Akhdar, huko Omani, lakini nalo asili yake ni Uajemi na majirani zake. Mbona basi zote tatu zimepewa ubini mmoja? Kwa sababu aliyezishusha bandarini, msimu wa kaskazi, jahazi limejaa, alikuwa Mmanga. Mnunuzi wa Pangani au Unguja hakuwa na haja ya kujua Banda iko wapi.

Hapa ndipo nimepata uti wa mgongo wa kazi hii. Nilikuwa nikidhani jina la chakula litanipeleka kwenye shamba lake la kwanza. Linanipeleka kwa muuzaji.

Pilipili yenyewe ni msafiri. Kwa Kisanskriti pippali, kwa Kiajemi pilpil, kwa Kiarabu filfil. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, malimau na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Nilipomsomea Mamdogo, akasema, "Huo si wali na achari wa harusini?" Ndio. Ila pilipili ile haikuwa hii tunayoijua, kwa sababu pilipili ya kuwasha ni mmea wa Amerika, na Columbus hakuvuka bahari hadi 1492. Ilipokuja kwetu nyuma ya Wareno ilikuta jina liko tayari, ikalikalia. Naona ndivyo mwenyewe wa zamani alivyolazimika kutajwa kwa ukoo wake, pilipili manga, kama mtu aliyerudi safari akakuta mdogo wake kashachukua chumba.

Na hoho nayo ina kisa. Leo hoho ni lile pilipili kubwa lisilowasha. Ukifungua kamusi za zamani, pilipili hoho ndiyo hasa iliyokuwa ikiwasha.

Kuhusu maembe: Ibn Battuta aliyaandika kwa Kiarabu anba, neno lililotoka India. Sema anba, amba, embe, uone ulimi unavyoteleza.

Zilizokamilika: 9.

13 Mei

Leo kidogo tu, kulikuwa na hitma mtaani na nimekata vitunguu tangu alfajiri.

Mdalasini: Waajemi walisema dar chini, mti wa China. Waarabu wakasema dar sini. Sisi tukauongezea m- kwa kuwa ni mti, ukawa mdalasini. Kumbe kila tukitia kijiti kwenye chai tunaitaja China.

Mkate wa ajemi: Ajemi ndiyo Uajemi. Shelisheli: tunda limechukua jina la visiwa vya Shelisheli, ingawa kwao ni Bahari ya Pasifiki. Fenesi: phanas ya Wahindi. Stafeli: sitaphal, hao hao. Giligilani: juljulan ya Waarabu. Lakini majani yake sokoni Mgandini ukiuliza giligilani muuzaji kijana anakutazama, sema kotmiri, neno la Wagujarati.

Zilizokamilika: 15.

19 Mei

Mahindi na viazi. Kadi mbili hizi nimeziandika mara nne.

Mahindi yanajitangaza yenyewe kuwa ya Kihindi. Si ya Kihindi. Kwao ni Meksiko, na yaliletwa upande huu wa dunia na Wareno baada ya safari zile za mwishoni mwa karne ya 15. Wafanyabiashara wa bahari yetu kwa mtu wa pwani walikuwa wa Hindi au wa Manga, basi nafaka ngeni ikabandikwa Hindi. Wala hatuko peke yetu katika kukosea. Waturuki huita mahindi mısır, yaani Misri. Waitaliano wanayaita granturco, nafaka ya Waturuki. Kila mtu amemsingizia jirani, na Mmeksiko hakutajwa na yeyote.

Viazi ndivyo vilivyonichosha. Kiazi cha wazee ni kiazi kikuu, lile jitu la kuchimba kwa jembe na subira. Likaja la pili, likaitwa kiazi kitamu. Likaja la tatu kutoka milima ya Andes kwa kupitia mikono ya Wazungu, likawa kiazi ulaya, na wengine wakaliita mviringo. Ulaya nalo ni neno la Kiarabu, wilaya, lile lile tunalolitumia kwa mkuu wa wilaya. Unguja na Pemba kiazi hicho ni mbatata, kutoka batata ya Wareno. Wareno nao walilitoa kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, na kwa Wataino batata ilikuwa kiazi kitamu! Kwa hiyo Mzanzibari anayekula mbatata za urojo anatumia jina la kiazi kingine.

Hayo hayaingii kwenye maneno hamsini. Nimekata, nimekata, Wataino wamebaki. Kuhusu wilaya nimeacha, ingawa roho imeniuma.

Wareno walituachia zaidi kwenye kapu la matunda: papai, kanju la mkorosho, kutoka caju, na pera, ambalo kwao ni tunda jingine kabisa, lile la nchi za baridi. Nanasi nalo lilianzia kwa Watupi wa Brazili. Wareno waliondolewa Mombasa mwaka 1698, ngome yao ya Fort Jesus ikabaki bila wenyewe, lakini mapera hakuna aliyeyafukuza.

Zilizokamilika: 20.

24 Mei

Aibu ya mradi. Naiandika hapa ili nisiisahau.

Wiki iliyopita nilibandika kadi 12 za majaribio, za karatasi tu, nione wateja watazipokeaje. Moja ilikuwa ya kitunguu saumu. Nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba kimeitwa hivyo kwa sababu ya funga ya Ramadhani, kwani futari zetu hutiwa vitunguu saumu kwa wingi. Nilisikia mahali, ikanipendeza, nikaandika.

Leo mchana aliingia Maalim wa madrasa ya mtaa wa pili. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi meza ya 4. Akaisoma kadi mara mbili. Akaniita kwa kidole.

"Mwanangu, hii nani kaandika?"

"Mimi, Maalim."

"Thumu kwa herufi thaa ni kitunguu. Saumu kwa herufi swadi ni kufunga. Maneno mawili. Midomo yetu ndiyo imeyachanganya. Halafu fikiri mwenyewe: Mtume amewakataza waliokula thumu wasikaribie msikiti kwa ajili ya harufu. Kitu hicho hicho kipewe jina la ibada?"

Nilitamani sakafu inifunike. Unguja na Pemba wengi bado wanasema kitunguu thomu, na ushahidi ulikuwa kwenye ndimi zao muda wote. Huku bara tumesogea hadi kuandika "kitunguu swaumu" kwenye vibandiko vya dukani, yaani tumekipa swadi kitu kilichokuwa na thaa. Maalim alikula wali na mchuzi wa samaki, akakataa kurudishiwa chenji. Kadi nimeichana mbele yake.

Kuanzia leo kuna kanuni: jina likiwa na kisa kitamu mno, lisubiri siku tatu kabla ya kuandikwa.

Zilizokamilika: 19. Imepungua.

27 Mei

Kwa kanuni mpya nimezipitia zote. Iliyoanguka ni ya mshikaki. Nilikuwa nimesema ni kwa kuwa unaushika kijiti. Kumbe neno lina ukoo wa Kiarabu kwenye shakka, kuchoma kitu kikatokea upande wa pili, na Waomani mpaka leo wanaita mishkak. Huku kwetu wengi wanasema mishkaki, na kadiri unavyokwenda bara ndivyo sh inavyopata irabu, mshikaki, na kushika kunaanza kuonekana ndani yake kama sura ya mtu kwenye wingu.

Nimeongeza sentensi moja kwa ajili ya madereva wa bodaboda wanaokula meza ya 7: abiria wawili nyuma ya dereva, hiyo nayo ni mshikaki. Trafiki hawaijui asili ya neno lakini faini yake wanaijua.

Chapati imepona. Ni ya Kihindi, na jina linatokana na ubapa wake. Kachumbari na bajia zimepona pia, Wahindi hao hao. Sambusa ni ya Waajemi, sanbosag, na imetembea zaidi ya zote: India ikawa samosa, Asia ya Kati ikawa samsa.

Zilizokamilika: 24.

2 Juni

Nimepokea sauti mbili kwenye simu.

Ya kwanza ni ya binti wa dada yangu aliyeolewa Muscat. Mama mkwe wake alizaliwa Unguja na nyumbani wanasema Kiswahili. Nilimwuliza kaimati zetu huko zinaitwaje. Akasema nje ya nyumba ni luqaimat, ndani ya nyumba ni kaimati, na hakuna anayeona tatizo. Luqma ni tonge, luqaimat ni vitonge vidogo vidogo. Sisi tumeiacha ile lu ya mwanzo, na wengine wameigeuza ikawa kalimati. Unga ule ule, shira ile ile.

Ya pili ni ya shemeji anayeendesha lori hadi Kampala na Bukavu. Hakuulizwa lakini amejibu. Anasema Uganda ukiomba posho unaletewa ugali. Posho kwetu ilikuwa chakula cha siku alichopimiwa mpagazi au kibarua. Uganda neno limebaki na chakula chenyewe. Tanzania limehamia kwenye bahasha za vikao, na hapo limenona zaidi. Na Bukavu, kule Kongo, anasema usiombe kisamvu, omba sombe.

Ugali nimeupa kadi mbili: moja ya posho, moja ya sima na bada. Bada, ugali wa muhogo, naiweka kwa heshima ya watu wa hapa hapa mkoani.

Zilizokamilika: 28.

9 Juni

Mamdogo amezisoma zote 28 kwa mkupuo, miwani puani. Akaziweka chini. "Nzuri. Sasa niambie, kabla ya Waarabu na Wahindi na hao Wareno, sisi tulikuwa tunakula upepo?"

Amenipata. Nilivutwa na maneno yenye pasipoti, nikayapita yaliyokaa nyumbani. Nane zilizobaki zote ni zake, na amezitaja mwenyewe akipepeta mchele.

Mchele wenyewe: shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukiiva ni wali, ukilegea ukamfaa mtoto ni ubwabwa. Lugha inayokipa kitu kimoja majina manne kwa safari yake kutoka tope hadi sahani haikukutana nacho jana. Lamu na Mombasa watasema mtele, kama wasemavyo mtuzi kwa mchuzi. Nimeiandika hiyo pembeni, dereva wetu akirudi aione.

Nazi ndiyo iliyotukalisha hadi magharibi. Ikiwa changa kabisa ni kidaka. Ikikua kidogo, kitale. Ikijaa maji matamu na nyama laini ya kukombwa, dafu. Ikianza kukomaa, maji yamepungua utamu na nyama haijafaa kukunwa, koroma. Kisha nazi. Ikikaushwa, mbata. Halafu unaikuna kwenye mbuzi, unaitia kwenye kifumbu, unakamua. Tui la kwanza, zito, ni kasimile, hilo huingia mwisho ili lisikatike. La pili hupikia. Yanayobaki ni machicha, ya kuku. Mamdogo anasema binti akimletea koroma badala ya nazi anajua huyo hajafundwa. Kadi hii nimeiruhusu ipite maneno hamsini. Sharti ni langu, nalivunja mwenyewe.

Ufuta: uutamke karibu na mafuta usikie shina moja, -futa. Punje na kitokacho ndani yake ni ndugu. Hakuna jahazi hapo.

Kitoweo: kuna kitenzi kutowea, kula kile kinachosindikiza wali au ugali. Vijana wanalijua jina, kitenzi hawakijui. Mamdogo anakitumia kila siku: "Leo tunatowea nini?"

Mseto: kutoka kuseta, kuponda. Mchele na choroko vikapikwa hadi vikashikana. Kenya walipounda serikali ya pamoja mwaka 2008 ikaitwa ya mseto, na kila nikisikia neno hilo redioni naona choroko.

Urojo haukuwa kwenye orodha yake, ameuongeza kwa shingo upande kwa kuwa ni wa Unguja. Rojo ni uzito ule wa uji unaoteleza. Jina limetazama bakuli likasema kilichoonekana.

Zilizokamilika: 36.

16 Juni

Uchapaji. Kijana wa duka la uchapaji alinakili kutoka kwenye mwandiko wangu, na mwandiko wangu ni wa mtu aliyekuwa akikaanga huku anaandika. Kadi ya meza ya 2 imetoka: "Wale wa nazi." Mamdogo amecheka hadi akakaa chini, anasema hao wa nazi ni akina nani na watakuja saa ngapi. Komamanga limetoka "koma manga", kama amri. Zimerudiwa mbili, nimelipa mwenyewe.

20 Juni

Kadi ziko mezani siku ya nne. Wanaozisoma zaidi ni watoto wa shule, wakila chipsi mayai. Mmoja ameniuliza kwa nini zege haina kadi. Nimemwangalia sahani yake, mayai yameshikana na viazi kama msingi wa nyumba, nikaona ana haki. Hiyo ni ya 37, na haina haja ya kusubiri siku tatu.

Kadi ya shelisheli imeibwa. Ya mahindi imeandikwa kwa kalamu, "Sisi Wabondei tunajua haya". Maalim amepita, amesoma mpya ya thumu akiwa amesimama, amesema "Ehee", akaagiza chai.

Dereva wa Mombasa amerudi leo asubuhi. Amesoma ya mahamri polepole, midomo inatembea. Akainua macho: "Mmeandika mbaazi hapa. Ziko wapi?" Hazikuwepo. Mamdogo hakunitazama mimi, alimtazama yeye, akamwambia apite tena Jumamosi. Kilo mbili ziko ndani ya ndoo ya kijani, asubuhi natakiwa nikune nazi nne.